Mwongozo Kamili: Kuotesha Seli za Neva Juu ya Jeli na Kupima Zinavyoitikia Ugumu wa Mahali Zinapokua

Wanafunzi wanaojaribu kuonyesha kwamba seli ya neva inayokua huhisi ugumu wa kitu inachokikanyaga hukwama karibu wote mahali pamoja. Hutengeneza jeli laini na jeli ngumu, humwaga seli juu yake, na kesho yake hukuta ama jeli imebanduka, ama seli zimejikunyata na kufa, ama aksoni, yaani nyuzi ndefu zinazochipuka kwenye seli ya neva, zimekua sawasawa kotekote. Kisha hulaumu seli. Nimeyaona majaribio mengi ya aina hii yakiharibika, na mara nyingi seli zilikuwa zimetenda haki kabisa: jeli ilikuwa bado na sumu, au protini ya kushikia haikukaa juu yake, au ugumu ulioandikwa daftarini haukuwahi kupimwa.

Kwa hiyo mwongozo huu unatumia nafasi kubwa zaidi kwa jeli kuliko kwa seli. Seli tutakazotumia ni neva za hisi za kiinitete cha kuku, kwa sababu mayai hupatikana kila mahali, seli zenyewe ni imara, na ncha zake za ukuaji ni kubwa kiasi cha kuonekana vizuri kwa darubini ya kawaida ya maabara.

## Unachokitafuta hasa

Kwenye ncha ya kila aksoni inayorefuka kuna koni ya ukuaji, mfano wa kiganja chenye vidole vyembamba viitwavyo filopodia. Ndani yake nyuzi za protini iitwayo aktini hujengwa upande wa mbele na kuvutwa nyuma na protini nyingine, miosini, bila kukoma. Protini za utando zinaposhika sakafu na wakati huohuo kuzishika nyuzi hizo, mvuto huo huhamia kwenye sakafu, na koni husonga mbele.

Sakafu ikiwa ngumu, mzigo kwenye mishiko hupanda haraka. Ikiwa laini, sakafu hunyooka kwanza na mzigo hupanda polepole. Tofauti hiyo ya kasi ya kupanda kwa mzigo ndiyo inayoiwezesha seli kutofautisha laini na gumu, na ndiyo maana kila hatua hapa chini inalinda mambo mawili: ugumu uwe ule unaoujua, na mshiko uwe sawa katika jeli zote.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Kwa ajili ya jeli:

- Vioo vya kufunikia vya duara vyenye kipenyo cha milimita 18, mara mbili ya idadi ya jeli unazotaka
- Akrilamaidi ya asilimia 40 na bisi-akrilamaidi ya asilimia 2, zote zikiwa zimeshayeyushwa kiwandani
- Amoni pasalfeti ya asilimia 10, iliyoyeyushwa siku hiyohiyo, pamoja na TEMED, kemikali mbili za kuigandisha akrilamaidi
- Silani yenye kundi la amino, glutaraldehaidi ya asilimia 0.5, hidroksidi ya sodiamu ya molari 0.1, na dawa ya kufanya kioo kikatae maji
- Maji ya chumvi ya PBS, kimiminika cha HEPES cha milimolari 50 chenye pH 8.5, na sulfo-SANPAH, kemikali ya kufunga protini juu ya jeli
- Taa ya miale ya urujuanimno ya nanomita 365
- Vishanga vinavyong'aa vya mikromita 0.2, vigololi vya chuma vya kipenyo cha milimita 0.64, na sumaku ndogo

Kwa ajili ya seli:

- Mayai yenye mbegu na mashine ya kutotolesha
- Koleo mbili zenye ncha kali, mkasi mdogo na darubini ya kupasulia
- Tripsini ya asilimia 0.25 (kimeng'enya cha kutenganisha seli), seramu, na maji ya kulea seli ya aina ya L-15
- Poli-D-lisini na laminini, ambazo seli zitazishika juu ya jeli, na kichocheo cha ukuaji wa neva, NGF

Nimechagua L-15 kwa makusudi. Haihitaji hewa ya kaboni dioksidi, hivyo inkubeta yoyote inayoshika nyuzi 37 inatosha, mradi vyombo vifunikwe vizuri visikauke.

Onyo la kwanza. Akrilamaidi ambayo haijaganda ni sumu ya neva, kwako wewe na kwa seli zako. Hupenya ngozi. Vaa glovu, miwani na koti, na usipime unga wake mwenyewe ikiwa unaweza kununua iliyoyeyushwa.

## Hatua ya 1: Atamiza mayai siku nane kabla

Mayai ya dukani yanayotoka kwa kuku wa mayai wasio na jogoo hayana mbegu. Ukiyaatamiza utaozesha mayai bure. Chukua ya kienyeji kutoka kwa mfugaji mwenye jogoo bandani, au ya shamba la kuzalisha vifaranga. Yaatamize kwenye nyuzi 37.5 hadi 38 na uyageuze mara kadhaa kwa siku.

Siku ya tano yamulike kwa tochi gizani. Yai lenye uhai litaonyesha mishipa ya damu iliyotawanyika kama mizizi. Lisiloonyesha mishipa liondoe. Pata pia kibali cha kamati ya maadili ya utafiti ya taasisi yako mapema, kwa sababu kibali huchukua muda mrefu kuliko yai.

## Hatua ya 2: Fanya kioo cha chini kishike na cha juu kikatae

Jeli hubanduka kwa sababu haina cha kushikilia kwenye kioo kitupu. Paka vioo vya chini hidroksidi ya sodiamu na uviache vikauke, kisha vifunike kwa silani kwa dakika tatu. Vioshe kwa maji safi mpaka usione utelezi wowote, halafu viloweke katika glutaraldehaidi kwa dakika 30, uvioshe tena na kuvikausha.

Osha silani kwa uaminifu. Iliyobaki hukutana na glutaraldehaidi na kutoa utando wa rangi ya machungwa, na utando huo hung'aa chini ya darubini na kuharibu picha zote za baadaye. Kioo kilichofanikiwa hubaki cheupe kabisa. Chenye doa kitupe.

Vioo vya juu vipake dawa ya kukataa maji na uvifute. Tone la maji likisimama kama shanga juu yake, kiko tayari.

## Hatua ya 3: Mimina jeli

Vipimo vifuatavyo ni vya mililita 1 ya kila mchanganyiko.

- Jeli laini (akrilamaidi asilimia 3, bisi asilimia 0.06): mikrolita 75 za akrilamaidi, 30 za bisi, 884 za PBS
- Jeli ya kati (asilimia 4 na 0.1): mikrolita 100, 50 na 839
- Jeli ngumu (asilimia 5 na 0.15): mikrolita 125, 75 na 789

Ondoa hewa kwenye kila mchanganyiko kwa pampu ya kufyonza kwa dakika 15, kwa sababu oksijeni huzuia akrilamaidi kuganda. Ndipo uongeze mikrolita 10 za amoni pasalfeti na mikrolita 1 ya TEMED, uchanganye taratibu bila kutoa mapovu, na udondoshe mikrolita 25 juu ya kila kioo cha chini. Lifunike tone mara moja kwa kioo cha juu, upande wenye dawa ukitazama jeli.

Kiasi cha mikrolita 25 hakikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kikitandazwa kwenye duara la milimita 18 hutoa jeli yenye unene wa karibu mikromita 100. Jeli nyembamba mno huiruhusu seli kuhisi kioo kilicho chini yake, na hapo jeli zako zote zitatenda kama kioo hata kama mchanganyiko ulikuwa sahihi.

Acha mchanganyiko uliobaki ndani ya kichupa na ukiinamishe kila baada ya dakika tano. Cha kichupani kikiganda, cha kwenye kioo nacho kimeganda. Kwa kawaida ni dakika 15 hadi 30. Mwagia PBS, subiri dakika kumi, kisha inua kioo cha juu kwa ncha ya koleo kuanzia ukingoni. Jeli nzuri hubaki nzima, uso wake ukiwa sawa, bila mikunjo wala mpasuko.

Sasa osha. Badilisha PBS angalau mara tano ndani ya saa 24, ukiiacha jeli kwenye friji kati ya kubadilisha na kubadilisha. Hapa ndipo wengi huharakisha, na hapa ndipo seli zao hufia: akrilamaidi ambayo haikuganda hujificha ndani ya jeli, kisha huvuja polepole usiku kucha chini ya seli. Mtu hukuta neva zimekufa kwenye jeli zote, huku zile za kwenye kioo zikiwa na afya, na kuandika kwamba neva hazipendi ulaini. Hakuna alichopima isipokuwa sumu.

## Hatua ya 4: Pima ugumu kwa mikono yako

Ugumu hupimwa kwa kilopaskali. Kwa mapishi hayo, jeli laini huwa karibu kilopaskali 0.2 na jeli ngumu karibu 4.5, na ya kati huangukia baina yao. Lakini amoni pasalfeti iliyozeeka, chumba chenye joto au hewa isiyoondolewa vizuri huweza kuihamisha namba mbali na ilipotarajiwa. Usiandike ugumu kutoka kwenye jedwali la mtu mwingine.

Maabara yenye darubini ya nguvu za atomi itatumia hiyo. Isiyo nayo, kigololi cha chuma kinatosha, na matokeo yake ni ya kuaminika ukiwa makini.

Mimina jeli ya mchanganyiko uleule yenye unene wa milimita 2, ukiwa umechanganya humo vishanga vinavyong'aa. Iache ivimbe katika PBS usiku kucha, kisha uipashe hadi nyuzi 37. Weka kigololi juu yake ndani ya maji. Kwa darubini inayotazama kutoka chini, tafuta vishanga vya uso wa jeli vilivyo chini ya kitovu cha kigololi na usome namba ya kitasa cha kulengea. Ondoa kigololi kwa sumaku, lenga tena uso wa jeli mahali palepale, usome tena. Tofauti ya namba hizo mbili ni kina cha shimo, ila ukitumia lenzi ya hewani uizidishe kwa 1.33, kwa kuwa mwanga hupinda unapotoka kwenye maji. Watu wengi huusahau uzidishaji huu na kupata jeli ngumu kuliko ilivyo.

Hesabu ni hii: ugumu ni sawa na 9 mara uzito wa kigololi majini, gawanya kwa 16 mara kipeuo cha pili cha nusu kipenyo, mara kina kilichopandishwa kipeo cha 1.5. Kigololi cha chuma cha milimita 0.64 hukandamiza kwa karibu mikronyutoni 9.2 kikiwa majini. Kwa hiyo kwenye jeli ya kilopaskali 0.2 kitazama karibu mikromita 128, kwenye ya kilopaskali 1 karibu mikromita 44, na kwenye ya 4.5 karibu mikromita 16. Vigololi vya beringi za baiskeli ni vikubwa na vizito mno kwa kazi hii. Vitapasua jeli laini.

Pima sehemu tano za kila jeli. Zikitofautiana sana ndani ya jeli moja, mchanganyiko haukuchanganyika vizuri, na jeli hiyo haifai hata kama wastani wake unapendeza.

## Hatua ya 5: Funga protini, kisha thibitisha kwamba imefungika

Akrilamaidi iliyoganda haishikiki na seli hata kidogo, na hiyo ni faida, kwa sababu seli itashika kile tu utakachoweka wewe.

Safisha jeli kwa miale ya kuua vijidudu kwa nusu saa, na kuanzia hapo tumia vimiminika vilivyochujwa. Yeyusha sulfo-SANPAH katika HEPES kwa kiwango cha miligramu 0.2 kwa mililita, uimwage juu ya jeli papo hapo na uiweke chini ya taa ya nanomita 365 kwa dakika kumi. Rangi itageuka kutoka machungwa kuwa kahawia. Osha kwa HEPES, rudia mara ya pili, osha tena. Kemikali hii huharibika ndani ya maji kwa dakika chache, kwa hiyo usiyeyushe ya jeli ishirini wakati taa yako inachukua nne.

Weka poli-D-lisini ya mikrogramu 100 kwa mililita usiku kucha, osha mara tatu, kisha laminini ya mikrogramu 10 kwa mililita kwa saa mbili kwenye nyuzi 37. Andaa na kioo kitupu chenye protini zilezile. Hicho ndicho mizani yako.

Toa jeli moja ya kila ugumu, uipake kingamwili ya laminini yenye kung'aa na ulinganishe mwanga chini ya darubini, kamera ikiwa na mpangilio uleule. Mwanga ukilingana, endelea. Jeli ngumu ikionyesha mwanga mara mbili ya laini, simama hapo. Aksoni zikikua zaidi juu ya jeli hiyo hutajua kama zimeitikia ugumu au wingi wa laminini, na hakuna takwimu itakayokusaidia kuvitenganisha baadaye.

## Hatua ya 6: Toa vifundo vya neva

Siku ya nane fungua yai upande wa juu, hamisha kiinitete kwenye sahani yenye maji baridi ya chumvi na ukate kichwa mara moja. Kilaze chali, fungua tumbo, ondoa viungo vyote vya ndani mpaka uone uti wa mgongo. Kando yake, kila upande, utaona msururu wa vifundo vidogo vyeupe mfano wa punje za mtama. Vya kiunoni ni vikubwa zaidi na ni rahisi kuvitoa. Vikate nyuzi zilizoning'inia.

Viweke katika tripsini kwenye nyuzi 37 kwa dakika 15 hadi 20, izimishe kwa maji ya kulea yenye seramu, kisha vivute na kuvisukuma mara 15 kwa pipeti ya kioo iliyolainishwa mdomo kwa moto. Mdomo mkali huzikata seli, na mapovu huziua. Ziache seli saa moja kwenye sahani ya plastiki isiyopakwa kitu: seli za tishu unganishi zitashika chini, na neva nyingi zitabaki zikielea.

## Hatua ya 7: Panda seli chache

Weka seli 12,000 kwa kila kioo, katika L-15 yenye seramu asilimia 10 na NGF nanogramu 50 kwa mililita. Bila NGF neva hizi hufa, hilo halina mjadala.

Usizidishe idadi. Aksoni zikigusana hufuatana zenyewe kwa zenyewe, na aksoni inayotembea juu ya aksoni nyingine haihisi tena jeli. Baada ya saa tano hivi seli nzuri huwa ya duara, inayong'aa ukingoni, na imeanza kutoa chipukizi. Iliyojaa madoadoa meusi imekufa.

## Hatua ya 8: Tazama, piga picha, pima

Mtu mwingine avipe vyombo namba za siri kabla hujavitazama. Tamaa ya kuona tofauti ni kubwa kuliko tunavyokiri.

Saa 24 baada ya kupanda, piga picha za seli zisizogusana na upime aksoni ndefu kuliko zote ya kila seli kwa programu ya Fiji, ambayo ni ya bure. Kwa mwendo wenyewe, rekodi koni za ukuaji kila dakika moja kwa saa mbili, chombo kikiwa kwenye nyuzi 37 muda wote. Joto likishuka koni husinyaa, na mtu asiye makini huona katika hilo jibu la ugumu.

Neva za hisi hurefuka zaidi kwenye ugumu wa karibu kilopaskali 1, na hupungua pande zote mbili za hapo. Kwa hiyo usitarajie mstari unaopanda tu kutoka laini hadi ngumu. Jeli ya kati ndiyo yenye habari. Neva za hipokampasi, sehemu mojawapo ya ubongo, kwa kulinganisha, hurefuka karibu sawasawa juu ya ulaini na ugumu, na koni zake huvuta kwa kani ndogo zaidi. Aksoni za jicho la chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, zilikimbia moja kwa moja juu ya sakafu ngumu na kutangatanga polepole juu ya laini, na ndani ya ubongo wa kiluwiluwi zilipinda kuelekea upande laini. Ukibadilisha aina ya neva, jibu nalo hubadilika, kwa hiyo usilinganishe namba zako na za mtu aliyetumia neva nyingine.

Andika pia umbo: upana wa koni, idadi ya filopodia, aksoni imenyooka au imepinda. Mara nyingi umbo hutofautiana kabla urefu haujatofautiana.

Rudia kwa angalau siku tatu za upasuaji tofauti. Seli hamsini za jeli moja ni jaribio moja, si hamsini.

## Hatua ya 9: Zima mashine ya kuhisi

Tofauti uliyoiona inaweza kuwa ya kani au ya kitu kingine, na njia ya kujua ni kuzima sehemu moja ya mnyororo.

Blebistatini huzuia miosini, yaani huondoa mvuto wenyewe. Tumia mikromolari 10 hadi 50, na chombo cha kulinganisha kiwe na DMSO, kimiminika kinachoiyeyusha dawa hiyo, ya kiasi kilekile. Mwanga wa buluu huiharibu na kuigeuza kuwa sumu, kwa hiyo weka kichujio chekundu kwenye darubini. Juu ya laminini aksoni huweza kurefuka haraka zaidi miosini inapozuiwa. Usidhani umekosea; swali ni kama tofauti kati ya jeli tatu imepungua, wala si kama aksoni zimekuwa ndefu au fupi.

Njia ya pili ni GsMTx4, peptidi kutoka sumu ya buibui tarantula, inayozuia chaneli za ayoni, yaani vijilango vya utando wa seli vinavyopitisha chembe zenye chaji, zinazofunguka utando unapovutwa, zikiwemo za Piezo. Chaneli hizi zilitambuliwa mwaka 2010, na Piezo1 ndiyo iliyohusishwa na kupinda kwa aksoni za chura niliyemtaja. Peptidi hii ni ghali, kwa hiyo itumie katika kijishimo kidogo cha sahani ya kulea seli na baada tu ya tofauti kati ya jeli kujirudia mara tatu.

Jeli za akiba zitunze katika PBS kwenye friji. Siku utakayomaliza kupiga picha, chukua moja ya kila aina, uirudishe chini ya kigololi, na uandike namba hiyo ya pili kando ya ile ya kwanza.